Mgeni akiandika "chuck out", kakupa au kakutuma ukatupe?

#1 Kibo_Kando
Wakuu, salama. Naomba wanaokijua Kiingereza cha Waingereza wenyewe, si kile cha darasani, wanisaidie kabla ya Jumatatu.

Mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo, anafanya usafi wa vyumba kwenye loji moja huku kaskazini. Jina siliweki. Wiki iliyopita mgeni mmoja Mwingereza kashuka mlimani, kalala, alfajiri kaondoka. Juu ya kitanda kaacha karatasi: "Please chuck out whatever I've left. Thanks for everything!" Sakafuni kuna buti za mlima, koti la mvua, soksi za sufu, chupa tupu na makaratasi. Dogo kasoma, kaelewa kwamba vitu havitakiwi tena. Chupa, makaratasi na soksi zilizotoboka kazipeleka kwenye pipa, buti na koti kaweka kwenye begi lake. Getini walinzi wakafungua begi. Sasa kasimamishwa kazi, na msimamizi anasema karatasi imesema "tupa", haikusema "chukua", kwa hiyo ni wizi. Jumatatu anaitwa kwenye kikao.

Nimefungua kamusi nikakuta maana nne: kutupa kitu, kumfukuza mtu, kukataa mswada au kesi, na kutoa joto au moshi. Hizo mbili za mwisho sijawahi kufundishwa na mtu yeyote. Madai yangu ni haya: anayesema "chuck out" amekwisha kujivua kile kitu, hajali kinaishia wapi. Dogo hakuiba. Nipingeni au niungeni mkono, ila kwa hoja.

#2 Mkaa_Mbele
Nimevuta kiti. Ila mkuu, hizo buti saizi gani?

#3 TichaRungwe
Mleta mada, maana zote nne ni sahihi. "Chuck" peke yake ni kurusha, tena kurusha kienyeji, mkono umelegea, hulengi sana. "Chuck me the keys", nirushie funguo. Ukiweka "out" ndipo zinapozaliwa hizo nne:

"We chucked out the old mattress": godoro tumelitupa.
"They chucked him out of the bar": kafurushwa baa.
"The judge chucked it out": kesi imetupiliwa mbali.
"This stove chucks out a lot of heat": jiko linatoa joto haswa.

Kisarufi, kiwakilishi lazima kikae katikati. Unasema "chuck it out", husemi "chuck out it". Wanafunzi wangu hukwama hapo kila mwaka. Na kwenye mtihani wa taifa neno hili usiliguse, ni lugha ya kijiweni. Kuna "discard", "expel", "reject" na "emit". Tazameni hapo: Kiingereza cha kuvaa tai kina maneno manne, cha kijiweni kinamaliza shughuli kwa moja.

Kuhusu dogo, sikubaliani na mleta mada. Sentensi ni ya kuamrisha, ingawa ina "please". Mgeni kampa kazi ya kutupa. Hajampa vitu.

#4 NyotaLeicester
Ticha heshima yako, lakini huku ninakoishi hawaitumii hivyo. Mama mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuja mlangoni akaniambia, "I'm chucking out these chairs, do you want them?" Viti viwili vya jikoni, vizima kabisa. Ninavyo mpaka leo. Kama "chuck out" ingekuwa lazima kiishie jalalani, swali lake lingekosa maana. Mwingereza akisema hivyo anaongelea upande wake tu: kitu kinatoka kwangu. Huko kinakokwenda, kama kuna mtu anakitaka, anashukuru.

Nimefanya kazi pabu pia, na huko neno hili lina heshima zake. Saa ya kufunga inaitwa "chucking-out time". Kengele ya mwisho wa kuagiza inalia, watu wanamalizia glasi zao, mnaanza kuwasindikiza mlangoni. Hakuna anayetupwa kwa mkono. Ni "tufunge jamani, kesho tena".

#5 Mzee_Tandale
Nyota umenikumbusha mbali. Nilikuwa meli, tukitia nanga London enzi zile. Saa 5 usiku kamili kengele, na ndivyo sheria ya kule ilivyo, hakuna pabu inayouza kinywaji baada ya hapo.

#6 NyotaLeicester
Shikamoo mzee. Sheria hiyo imebadilika. Masaa ya kubana yalianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ikitaka wafanyakazi wa viwanda vya silaha waamke bila mning'inio wa pombe. Yakaendelea miaka na miaka baada ya vita. Sheria mpya ya leseni ilipitishwa 2003, ikaanza kufanya kazi Novemba 2005, na sasa kila pabu inaomba masaa yake. Nyingi bado zinafunga saa 5 au saa 6 kwa mazoea na kwa gharama, si kwa lazima.

Na mtu wa mlangoni zamani aliitwa "chucker-out". Wamarekani wakamwita "bouncer", na hilo ndilo lililofika kwetu likawa baunsa.

#7 Mkaa_Mbele
Kumbe baunsa ni Mmarekani! Huku Sinza kila mwenye kifua ni baunsa hata kama mlango anaoulinda ni wa kwao.

#8 FundiMchongaji
Wakuu mimi naingia kwa mlango wa nyuma. Nina mashine ya kukereza vyuma, na drili za kila aina. Kile kichwa kinachobana keekee kinaitwa "chuck". Kazi yake ni KUSHIKA. Kikiachia keekee umeumia. Sasa mnaniambiaje "chuck" ni kurusha? Nadhani asili ya neno ni kushika kwanza, kisha ndiyo unarusha, maana huwezi kurusha usichokishika. Kwa hiyo "chuck out" ni kukamata na kutoa. Ukimtoa mlevi baa unamkamata kola. Ukitupa godoro unalibeba. Inaingia akilini.

#9 Saa_Sita_Kamili
Asili yake ni kuku jamani. Waingereza huita kuku "chuck chuck" wakimwita aje kula. Unamfukuza kuku jikoni, "chuck, out!" Likakaa.

#10 TichaRungwe
Saa_Sita, hapana. "Chuck" ya kuku ipo, ni mlio, kama sisi tunavyoita "ku ku ku", lakini ni neno jingine lililofanana sauti tu. Na ya Fundi ni jingine tena: imetoka kwenye "chock", kipande cha gogo, kigingi cha kuzuia. Ndugu yake ni "chuck steak", nyama ya sehemu ya bega.

Hii yetu ya kurusha ilianza karne ya 16 kama kumgusa mtu kidogo chini ya kidevu, kimahaba au kumchokoza mtoto, na inadhaniwa ilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, neno la kugonga. Kutoka kugonga kidevu ikawa kurusha kitu kidogo kwa mkono. Palikuwa na mchezo wa watoto wa kurusha sarafu shimoni uliobeba neno hilohilo. Kwa hiyo chanzo chake ni wepesi wa mkono. Kukamata hakumo.

#11 FundiMchongaji
Sawa Ticha, nimekusoma. Lakini baunsa aliyenitoa mimi Kahama hakunigusa kidevu.

#12 BintiVuga
Assalam alaykum. Naomba kidogo tutoke kwenye kamusi, maana kuna mtoto wa watu yuko mashakani. Nimesimamia usafi wa vyumba hoteli za Unguja, pwani ya mashariki, kabla sijafungua duka langu. Wasafishaji hufundishwa siku ya kwanza: kilicho NDANI ya ndoo ya taka ni taka. Kilicho NJE ya ndoo si taka, hata kikiwa kandambili iliyokatika. Kinapelekwa kwa msimamizi, kinaandikwa kwenye daftari la vilivyosahaulika, namba ya chumba, tarehe, na jina la aliyekiona. Kinakaa miezi kadhaa. Mgeni asipouliza, hoteli nyingi humrudishia yule yule aliyekiokota.

Mgeni akitaka kukupa kitu, anaandika karatasi yenye jina lako na sahihi yake, mapokezi wanatoa getipasi, unapita getini kichwa juu. Sasa karatasi ya huyu Mwingereza haina jina la mtu na haisemi zawadi. Kwa hiyo kosa la taratibu lipo. Lakini kosa la taratibu na wizi ni mbingu na ardhi, na anayeyachanganya anamwonea mtoto. Mwizi hachukui karatasi. Hiyo karatasi iko wapi sasa hivi?

#13 Kibo_Kando
Dada BintiVuga, ahsante sana. Karatasi anayo. Aliikunja akaiweka ndani ya buti ili getini akiulizwa aionyeshe. Na aliionyesha. Mlinzi hasomi Kiingereza, akamwita msimamizi, hapo ndipo mambo yalipogeuka.

#14 BintiVuga
Basi apige picha leo leo, ya karatasi na ya buti pamoja. Asiitoe nakala halisi mkononi bila kuandikiwa kwamba wameipokea.

#15 Ochi_Nakuru
Habari zenu. Kwetu Kenya hili neno tunalijua kupitia kriketi. Mrushaji anatakiwa aurushe mpira mkono ukiwa umenyooka. Akikunja kiwiko kisha akakinyoosha wakati wa kuachia mpira, huyo anaitwa "chucker", na ni tusi kubwa sana uwanjani. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka alihukumiwa kwa kosa hilo Melbourne, Desemba 26, 1995, na mwamuzi Darrell Hair, mara saba. Baadaye wapimaji wakakuta kumbe karibu kila mrushaji hukunja kidogo, na shirika la kriketi duniani likaruhusu hadi digrii 15.

Ninaleta haya kwa sababu Ticha anasema "wepesi wa mkono". Mimi naongeza: ni mkono usiofuata taratibu. "Throw out" ni kutupa tu. "Chuck out" ni kutupa bila kujisumbua, bila adabu za kazi. Mgeni aliyeandika hivyo alimaanisha msijisumbue na hivi vitu. Kumlaumu msichana kwamba hakufuata utaratibu wa kutupa ni kama kutosoma hiyo sentensi kabisa.

#16 Mkaa_Mbele
Hapo kwenye kriketi hatujui ila hoja imeingia wavuni.

#17 Saa_Sita_Kamili
Wakenya mna kriketi lini?

#18 Ochi_Nakuru
2003, ndugu. Kenya iliwapiga Sri Lanka hao hao Nairobi kwenye Kombe la Dunia, Collins Obuya akang'oa watu watano kwa mikimbio 24, na tukafika nusu fainali. Muulize mzazi wako.

Nirudi kwa mada. Kuna jambo lingine la "kufukuzwa". Karo ikikosekana, mwanafunzi anatumwa nyumbani. Kwa Kiswahili wengi husema "nilifukuzwa shule". Binamu yangu aliomba nafasi kwa barua ya Kiingereza, akaandika alikuwa "chucked out of college" muhula mmoja. Kumbe ni karo, wiki mbili tu, akarudi akamaliza. Waliomhoji wakataka kujua alipigana na nani. Kwa Kiingereza ukiwa "chucked out" wewe ndiye mkosaji. Anayetumwa nyumbani kwa karo hana kosa, na neno la kumweleza ni jingine: "sent home". Mabadiliko madogo, lakini jamaa angepoteza kazi.

#19 WakiliPembeni
Nimekuwa nikisoma kimya. Ndugu mleta mada, naomba unisome vizuri, maana hapa mnajadili neno wakati sheria inauliza kitu kingine.

Kwanza hiyo maana ya mahakamani. Magazeti yetu huandika "mahakama yatupilia mbali" kwa kila kesi inayokwama, na ya Kiingereza huandika "thrown out" au "chucked out". Yote mawili yanaficha jambo kubwa. Shauri linaweza kuondolewa kwa sababu limeletwa kwa njia mbovu, na hapo, muda ukiruhusu, unarekebisha kasoro unarudi. Au linaweza kukataliwa baada ya kusikilizwa, na hapo mlango umefungwa. Tofauti hiyo iliwekwa wazi na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1959 kwenye rufaa ya Ngoni-Matengo dhidi ya Ali Mohamed Osman, na mpaka leo majaji wa Tanzania wanaitaja. Mteja wangu alisoma gazetini kesi yake "imetupiliwa mbali" akauza shamba kulipa deni. Ilikuwa imeondolewa tu. Angeweza kurudi.

Pili, wizi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 258, inataka mtu awe amechukua kwa hila na bila kudai haki. Na kifungu cha 9 kinamlinda aliyechukua mali akiamini kwa nia njema kwamba ana haki nayo. Kwa hiyo swali halihusu kamusi inasema nini. Swali ni kwamba huyu binti, siku ile, chumbani mle, aliamini nini kwa moyo mweupe? Karatasi iliyowekwa ndani ya buti inamsemea. Begi ambalo hakulificha linamsemea.

Tatu, Jumatatu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinampa haki ya kupewa tuhuma mapema, si chini ya saa 48, na kwenda na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Wakimwachisha, ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Siku ya 31 ataombea msamaha wa kuchelewa, na huo haupatikani kirahisi.

#20 Kibo_Kando
Wakili Mungu akubariki. Barua ya tuhuma hajapewa mpaka sasa. Kaambiwa kwa mdomo.

#21 WakiliPembeni
Aiombe kwa maandishi leo. Hata ujumbe wa simu kwa msimamizi ni maandishi.

#22 Katekista_Peramiho
Tumsifu Yesu Kristo. Nimefurahi kuona Ngoni-Matengo imetajwa, ndicho chama cha ushirika cha tumbaku cha huku kwetu Songea, wazee bado wanakikumbuka.

Mimi naona wote mmeng'ang'ania "chuck" wakati uzito uko kwenye "out". Biblia ya Kiingereza ya zamani husema "cast out" kwa pepo na "cast out" kwa wafanyabiashara hekaluni. Neno moja. Sasa fungueni Mathayo ya Kiswahili. Sura ya 8, pepo WALITOLEWA. Sura ya 21, wauzaji WALIFUKUZWA. Na Yona aliomba ATUPWE baharini. Waliotafsiri kwa Kiswahili walilazimika kuamua kila mara: kinachotoka kina utashi wake au hakina? Kilikuwa ndani ya mtu au ndani ya nyumba? Kiingereza hakikuwalazimisha kuuliza. "Out" inasema tu kwamba palikuwa na ndani, na sasa kitu hakiko ndani. Joto la jiko, mlevi, godoro, mswada, vyote vilikuwa ndani ya kitu. Ndiyo maana neno moja linatosha.

#23 TichaRungwe
Katekista, hilo zuri mno, nitalipeleka darasani. Naongeza upande wetu. Kiswahili kazi ya "out" kinaifanya kwa mnyambuliko. Tupa, tupia, tupilia. "Tupa taka" inatosha, ukisema "tupa taka nje" unasikika kama umetafsiri. Lakini "tupilia mbali" ina uzito wa kwamba hakirudi tena. Kwa hiyo kama ningetafsiri ile karatasi ya mgeni, nisingeandika "tupeni nje". Ningeandika...

Kwa kweli hapa ndipo napata shida. "Vilivyobaki viondoeni tu." Na "ondoeni" haisemi viende wapi.

#24 NyotaLeicester
Ticha sasa umekuja upande wangu!

#25 TichaRungwe
Sijafika. Nimesema "ondoeni" haisemi viende wapi. Haisemi pia "chukueni". Amri bado ni amri.

#26 JikoLaMkaa
Mimi sikubaliani na Katekista. Hita la ofisini kwetu Iringa "linatoa joto", lakini joto halikuwa limekaa ndani likisubiri kutolewa, linatengenezwa pale pale. Hapo "ndani" iko wapi? Nadhani maana ya joto imetoka kwenye wingi. Mtu anayerusha ovyo hurusha vingi. Mitambo "inachuck out" kwa sababu inamwaga bila kipimo, moshi, mwanga, kelele. Sisi tunasema jenereta linatema moshi. Hata "kutema" yetu: timu inamtema mchezaji, jenereta linatema moshi, mtoto anatema uji. Neno moja pia! Kwa hiyo si Waingereza tu.

#27 Mkaa_Mbele
Jiko umemaliza. KUTEMA ndiyo "chuck out" yetu. Uzi ufungwe.

#28 Ochi_Nakuru
Haufungwi. Huwezi kutema kesi. Na huwezi kutema godoro.

#29 Saa_Sita_Kamili
Na huwezi kumtema mlevi baa. Huyo anafungashiwa virago.

#30 BintiVuga
Hana virago mlevi, ana deni tu.

Nyota, wewe uko huko. Mwaka 1996 si kulikuwa na tangazo la duka la samani la Waswidi, IKEA, "Chuck out your chintz"? Nilikuwa nalisikia kwa shangazi aliyekuwa London. Akikasirika, maana hiyo "chintz" ni nguo ya maua maua, na bibi zetu Unguja walikuwa na magauni ya chiti. Alisema, wanataka tutupe vya bibi tununue vya kwao.

#31 NyotaLeicester
Ndilo hilo dada, wenyeji bado wanalitaja. Mapazia ya maua na makochi ya maua yalitolewa barabarani nchi nzima, ndivyo wanavyosimulia.

Na huku leo kutupa kochi ni mtihani. Ukiliacha njiani ni kosa, unapigwa faini. Maduka ya hisani hayalipokei kama halina kibandiko cha usalama wa moto, kwa kanuni za 1988. Tangu mwanzo wa 2023 makochi yaliyochakaa hayaruhusiwi kufukiwa jalalani Uingereza, yanachomwa kwenye mitambo maalumu kwa sababu ya kemikali za kuzuia moto zilizomo. Kwa hiyo Mwingereza wa leo akisema "chuck out" ana orodha ya kupiga simu kichwani. Huenda ndiyo maana mgeni wenu aliona heri aachie loji hiyo kazi.

#32 Mzee_Tandale
Nyota, hapo Leicester kuna wazee wa Kihindi wa Uganda. Hao wanajua kutupwa.

#33 NyotaLeicester
Mzee umegusa penyewe. Jirani yangu, mzee wa miaka mingi, amezaliwa Kampala, Kiswahili chake kizuri kuliko cha watoto wangu. Amin alitangaza Agosti 1972, akawapa siku 90 wawe wameondoka Uganda. Uingereza ilipokea zaidi ya watu 27,000, na halmashauri ya mji huu ilikuwa imeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije huku. Wakaja.

Vitabuni wanaandika "expulsion". Mzee haisemi hiyo. Akiwa na wajukuu husema "we were chucked out". Nilimuuliza mbona anatumia neno la pabu kwa jambo zito vile. Akasema "expelled" ina barua na mhuri, inakufanya uamini palikuwa na utaratibu. Yeye alimwona baba yake akifunga duka, akampa jirani ufunguo, na askari wa njiani akachukua saa ya mama. Kwake hapakuwa na utaratibu. Na akiongea na mimi Kiswahili anasema "tulitupwa". Hasemi "tulifukuzwa".

#34 Katekista_Peramiho
Poleni kwao. "Tulitupwa." Mtu si kitu cha kutupwa.

#35 Ochi_Nakuru
Hii inarudi kwa hoja yangu ya mkono usio na adabu. Neno lenyewe ni jepesi, na kwa sababu hiyo linauma likimhusu mtu. Kwa buti ni utani, kwa mtu ni dharau.

#36 WakiliPembeni
Nakubali, na nitaongeza mfano wa bungeni. Novemba 1909 Mabwana wa baraza la juu la Uingereza waliikataa bajeti ya waziri wa fedha, David Lloyd George. Wasimulizi husema "threw out". Jambo la kikatiba zito, mpaka ikatungwa sheria ya 1911 kuwapunguzia Mabwana nguvu, lakini neno ni la mtu anayemwaga maji machafu. Waliochagua neno hilo walitaka msikie dharau ya Mabwana.

#37 Kibo_Kando
Wakuu, taarifa. Dogo ameomba tuhuma kwa maandishi. Wamejibu kikao kimesogezwa hadi Alhamisi. Pia meneja mwenyewe kasema atamwandikia mgeni barua pepe kumuuliza alikusudia nini. Jibu bado.

#38 BintiVuga
Alhamdulillahi. Meneja ana busara kuliko msimamizi. Lakini hata mgeni akijibu "sikukusudia wachukue", mtoto bado ana nia njema. Msilisahau hilo.

#39 TichaRungwe
Na akijibu "of course she can have them", mimi bado nitasema sentensi ile haikusema hivyo. Nitafurahi kwa binti, ila darasani sitabadilisha.

#40 FundiMchongaji
Ticha una roho ngumu kama chuma cha relini. Msichana apewe buti zake.

#41 Mkaa_Mbele
Sasa mniambie saizi.

#42 Kibo_Kando
Saizi 44, mkuu. Yeye anavaa 38. Alikuwa anampelekea kaka yake, mpagazi, amepanda mlima msimu mzima na raba zilizofunguka mbele.

#43 JikoLaMkaa
Hili ungelisema kwenye bandiko la kwanza. Aliseme na kikaoni. Si kwamba linabadilisha sheria, Wakili atanikosoa, lakini wanaokaa mezani ni watu.

#44 WakiliPembeni
Sikukosoi. Aliseme, na kaka aje na raba zake.

#45 Saa_Sita_Kamili
Ticha, swali dogo kabla sijalala. Kama "chuck out" ni kutoa, basi "chuck in" ni kuingiza?

#46 TichaRungwe
Ina mbili, na zinavutana. "He chucked in his job", kaacha kazi mwenyewe kwa kuchoka. Na "she chucked in an extra onion", muuzaji kakuongezea kitunguu bure.

#47 Saa_Sita_Kamili
Yaani moja ni kuacha kazi na nyingine ni nyongeza ya sokoni? Hapo napo "in" ni ndani ya nini?

#48 Katekista_Peramiho
Ya kitunguu ni ndani ya kikapu. Ya kazi, wacha nifikirie mpaka kesho.

#49 JikoLaMkaa
Ya kazi naona ni kama mcheza karata anayerudisha karata zake mezani, katikati, hachezi tena.

#50 TichaRungwe
Hiyo ya karata siwezi kuithibitisha wala kuikataa. Wengine husema ni ngumi, kocha akirusha taulo ulingoni. Mwenye ushahidi aweke.